Hongo, Waya na Tochi: Nani Mwenye Barabara?

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni. Tunayachapa hapa kwa manufaa ya wasomaji wetu.)

Ndugu msikilizaji, siku chache zilizopita nilipanda basi mjini Singida kwenda Dodoma. Tulikuwa tumekwisha kuiacha Ikungi wakati lori lililokuwa likija kutoka mbele lilipotuwashia taa mara mbili. Dereva wetu, ambaye tangu stendi alikuwa akiendesha kama mtu anayewahi maziko, papo hapo akaondoa mguu kwenye mafuta. Konda akatabasamu, akasema kwa sauti ya chini: "Wenyewe wapo."

Basi likaanza kutambaa. Tukapita nyumba chache, kibanda cha muuza chai, na watoto wa shule waliosimama ukingoni mwa lami wakingoja kuvuka. Na kweli, kivulini mwa mti, alikuwepo askari wa usalama barabarani na ile kamera ya kupimia mwendo ambayo Watanzania tumeipa jina la tochi. Tulimpita kwa adabu zote. Kilometa moja mbele, dereva akarudia mwendo wake ule ule.

Kando yangu aliketi mzee mmoja, mkulima wa alizeti. Nikamwuliza: "Mzee wangu, hivi pale penye watoto hapana kibao cha hamsini?" Akajibu bila kucheka: "Kilikuwepo, mwanangu. Siku hizi nadhani kinawapikia watu ugali."

Alimaanisha kwamba bati la kibao kile limekwisha kukatwa na fundi likawa jiko la mkaa, na nguzo yake imekwisha kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Basi katika mwendo wa dakika tano nilikuwa nimeyaona mambo mawili. Kwanza, jicho la serikali barabarani, ambalo watu wasiojuana wanashirikiana kulikwepa. Pili, mali ya serikali barabarani, ambayo watu wanaing'oa na kuipa kazi nyingine. Wapo watakaosema huu ni utovu wa nidhamu wa siku hizi. Mimi nimerudi kwenye historia, na nimeona kwamba mambo haya mawili, hapa katikati ya nchi yetu na kwa jirani zetu, yana umri unaozidi miaka mia moja. Tusipoielewa historia hiyo tutaendelea kubadilisha vibao na kuzika watu.

USHURU WA NJIA

Kabla ya lami na kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kisha ikaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali. Sehemu kubwa ya pori hilo leo imo katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Wapagazi waliliogopa kwa sababu ya uhaba wa maji. Kwa hiyo msafara uliotoka pwani, kabla ya kuliingia, ulitafuta vitu viwili: maji na nafaka. Vyote viwili vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo, na watemi hao walitoza malipo. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Hongo ililipwa kwa nguo, yaani merikani na kaniki; ililipwa kwa shanga; na ililipwa kwa masango, yaani nyaya nene za shaba. Richard Burton alipopita mwaka 1857 alilipa. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone naye alilipa, mtemi baada ya mtemi, huku akinung'unika.

Wageni wengi waliandika kwamba hongo ilikuwa unyang'anyi tu. Lakini tuutazame upande wa pili. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Visima vilichimbwa na wenyeji kwa jasho lao, na msafara wa mamia ya watu na punda uliweza kukikausha kisima kwa siku moja na kumwacha mwenyeji na kiu yake. Hongo ilikuwa ni bei ya maji hayo na ruhusa ya kupita. Ubishi ulikuwepo, tena mrefu, na mara nyingine vitisho. Lakini mpita njia alijua nani anamtoza na kwa nini, na alipokwisha kulipa alikunywa maji.

Leo, ndugu msikilizaji, ukilitamka neno hongo mbele ya mtoto wa shule atakuambia maana yake ni rushwa. Neno lililokuwa jina la ushuru wa wazi sasa ni jina la fedha inayopitishwa kwa siri. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

FEDHA JUU YA NGUZO

Wajerumani walipojenga boma lao Kilimatinde katika miaka ya 1890, moja ya makusudi yao lilikuwa kuishika njia ile ya misafara na kukomesha hongo. Waliikomesha kwa bunduki. Lakini kutozwa hakukukoma; mkono unaotoza ndio uliobadilika. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja waya wa simu kutoka pwani kuelekea Tabora.

Simu ya wakati ule haikuwa ya kuzungumza. Ilikuwa ya kupeleka alama kwa kugongagonga, na karani wa upande wa pili alizigeuza kuwa maneno. Neno lenyewe simu, wataalamu wa lugha wanatuambia, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Kwa wazee wetu, basi, simu ilikuwa ni ule waya hasa, unaoonekana kwa macho, umelala juu ya nguzo kutoka upeo hadi upeo.

Hebu jiweke mahali pa mtu aliyeishi kando ya njia ile. Jana tu, waya ulikuwa fedha. Ulipimwa kwa mkono, ulibadilishwa kwa mbuzi na kwa nafaka, ulivaliwa mikononi na shingoni na mtu mwenye uwezo wake. Leo inakuja serikali usiyoichagua, inakukataza kutoza wapita njia hata mkono mmoja wa waya. Kisha serikali hiyo hiyo inachukua waya, maelfu kwa maelfu ya mikono, na kuutundika porini usiku na mchana bila mlinzi. Ni sawa na leo mtu aanike noti za shilingi elfu kumi kumi kwenye kamba kutoka Manyoni hadi Tabora, halafu ashangae zikipungua.

Na hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba waya ule ulikuwa mdomo na sikio la serikali. Zamani askari wakitoka bomani, habari zao ziliwatangulia. Mpiga mbio alifika kijijini kabla yao, na watu walipata muda wa kuhamisha ng'ombe. Ulipokuja waya, habari zilianza kupita juu ya vichwa vya watu, kwa lugha wasiyoisikia. Kijiji kikikataa kodi asubuhi, bwana mkubwa wa mbali aliweza kujua kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo aliyeukata waya alipata faida mbili kwa kisu kimoja: alipata pambo, na aliiziba serikali masikio.

MKONO WA KUKATAA, MKONO WA KUOKOTA

Kisa kinachojulikana zaidi cha namna hii kilitokea kwa jirani zetu wa Kenya, kwa Wanandi. Waingereza walipokuwa wakijenga reli ya kutoka Mombasa, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901, walitandaza na waya wa simu. Wanandi wakauchukua waya wakafanya mapambo, na vyuma vya reli wakawapa wahunzi wao wakafua silaha. Mwaka 1900 Waingereza wakapeleka jeshi kuwaadhibu, na wizi wa waya ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Waingereza huko, alikiri katika kitabu alichokitoa mwaka 1905 kwamba kama nyaya za Ulaya zingekuwa mikufu ya lulu, na reli zake zingekuwa bunduki nzuri za kuwindia, Wazungu nao wangeiba.

Kukiri huko hakukuwaokoa Wanandi. Oktoba 19, 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya vita hivyo, Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao. Na mwaka 1909 serikali ile ya kikoloni ikatunga sheria ya adhabu ya pamoja: kosa la mmoja, faini ya kijiji kizima. Ardhi ya watu ilikwenda, na pamoja nayo haki ya mtu kuhukumiwa kwa kosa lake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1905, upande wetu, vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai katika vilima vya Wamatumbi. Miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyofanywa na wapiganaji ni kukata waya wa simu kati ya Kilwa na Mohoro. Hapa hapakuwa na habari ya bangili. Watu waliokuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko walitaka Kilwa isizungumze na Dar es Salaam.

Naomba tuitenge mikono hiyo miwili. Upo mkono wa kukataa, unaokata waya ili sauti ya mtawala isifike. Na upo mkono wa kuokota, unaokata waya kwa sababu waya una thamani na mwenyewe haonekani. Mtawala wa kikoloni hakuitenga. Kwake yote miwili ilikuwa wizi, na dawa yake moja: bunduki na faini. Lakini sisi tulio huru tunapaswa kuitenga, maana ugonjwa ukiupa jina lisilo lake utaupa na dawa isiyo yake.

Hapa Singida tunao mfano wetu wa mkono wa kukataa. Masimulizi ya Wanyaturu yanamtaja Liti, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na aliyesemwa kuwatuma nyuki wawavamie askari. Jina lake leo limebebwa na uwanja wa mpira mjini Singida, ule uliojulikana zamani kama Namfua. Mashabiki wanaokwenda pale kutazama ligi wanalitamka jina la mwanamke aliyekataa. Ni vema wakajua pia kwamba Liti hakuuza nyuki wake kwa kilo.

SERIKALI NAYO ILING'OA

Tusidhani kwamba waliong'oa vyuma vya barabara na reli ni wananchi peke yao. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kuelekea kaskazini hadi Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Watu waliaminishwa kwamba maendeleo yamefika. Hesabu za biashara hazikuwaridhisha wakubwa, na katika miaka ya 1940 wakaling'oa. Hakuna aliyewauliza wakulima wa Kinyangiri. Ilibidi nchi iwe huru, na miaka mingi ipite, ndipo Singida ipate tena reli.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Mwananchi aliyeona kwa macho yake reli ikija bila kuulizwa, na ikiondoka bila kuulizwa, alijifunza somo moja: kilichopita mbele ya nyumba yake si chake. Ni cha wenyewe. Na neno hilo, wenyewe, ndilo alilolitumia konda wetu pale Ikungi.

Tulipopata Uhuru tuliambiwa, na ilikuwa kweli, kwamba sasa mali ya umma ni yetu. Tabia ya zamani, hata hivyo, haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na vyuma chakavu vikapata wanunuzi wa uhakika, mkono wa kuokota ulirudi kwa nguvu. Nyaya za shaba za TTCL zilikatwa mijini, na mitaa mizima ikabaki bila simu. Mafuta ya transfoma za TANESCO yalifyonzwa. Na lami ilipozidi kuenea, zamu ikawa ya barabara: vibao vya mwendo, vibao vya kona kali, na vyuma vya kingo za madaraja.

Si Tanzania peke yake. Januari 2022 Kenya ilikaa gizani baada ya nguzo kubwa za umeme kuanguka, na uharibifu wa nguzo hizo ukalaumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, hadi kanuni mpya zilipotolewa baadaye mwaka huo. Mwanzo wa karne iliyopita Mwingereza alimfuata aliyevaa waya; safari hii serikali ilimfuata anayeununua. Hiyo ni hatua.

TOCHI NA NDUGU ZAKE

Sasa tuje kwenye jicho lenyewe. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilitegemea macho ya askari, na macho ya askari hayawezi kubishana na dereva kuhusu namba. Tochi ilipokuja, namba zikapatikana, na zilipokuja za kupiga picha, picha ya gari lako ikaweza kumfikia kwa simu askari wa kituo cha mbele kabla wewe hujafika. Kwa miaka mingi faini ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Mtoto wa mjukuu wa waya wa Kilimatinde ndiye huyo: habari inakutangulia, wewe huisikii.

Watu nao wakajibu kwa njia zao. Njia ya kwanza ni taa. Dereva wa lori la mahindi anamwashia taa dereva wa gari la kifahari asilomjua mwenyewe, bila kutegemea malipo. Katika nchi ambayo mtu anaweza kupita pembeni ya aliyepata pancha bila kusimama, ushirikiano huu ni wa kutafakari. Ni yule mpiga mbio wa zamani aliyekimbia kuwaambia watu wahamishe ng'ombe.

Njia ya pili ni mgomo. Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi waligoma, abiria wakakwama Ubungo na katika mikoa mingi. Sababu kubwa ilikuwa sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, lakini malalamiko juu ya trafiki na tochi zao nayo yalisikika. Siku hiyo hiyo serikali ikalegeza msimamo juu ya sharti lile la masomo.

Njia ya tatu ni kukichezea kifaa. Tangu mwaka 2017 mabasi ya mikoani yamekuwa yakifungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho humwonyesha msimamizi, leo LATRA, gari liko wapi na linakimbia kiasi gani. Hili ni jicho lisilokaa barabarani. Dereva amelala nalo, ameamka nalo. Na haikuchukua muda vifaa hivyo vikaanza kuchomolewa na kuzibwa, na LATRA ikalazimika kuwaadhibu wenye mabasi yaliyokutwa na hila hizo.

Anayedhani kwamba haya ni ya Waafrika watazame walioendelea. Ufaransa iliposhusha mwendo wa barabara za vijijini hadi kilometa 80 kwa saa mwaka 2018, na baadaye mwaka huo yakazuka maandamano ya wavaa vizibao vya njano, kamera za barabarani zilichomwa na kupakwa rangi. Mwanzoni mwa 2019 waziri wao wa mambo ya ndani alisema kiasi cha asilimia 60 ya kamera hizo zilikuwa zimeharibiwa. London nayo, mwaka 2023, ilipopanua eneo ambalo magari yenye moshi mchafu hutozwa pauni 12.50 kwa siku, watu waliojifunika nyuso walizikata nyaya za kamera na kuzishusha kutoka kwenye nguzo. Mamia ziliharibiwa na nyingine nyingi zikaibwa kabisa. Na hapa jirani, Juni 2025, Uganda ilianzisha mfumo wa kamera zinazosoma namba za magari na kutoza faini zenyewe. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mfumo ulisimamishwa baada ya siku chache tu.

Walioharibu Ufaransa na walioharibu London hawakuwa na njaa ya vyuma. Walidai jambo moja: kwamba kamera ile haikuwekwa ili kulinda maisha, imewekwa ili kukusanya fedha. Dai hilo linaweza kuwa la kweli au la uongo, lakini mahali popote linapoaminika, kamera haina mlinzi.

WANAOKUFA NI AKINA NANI?

Hapa, ndugu msikilizaji, naomba tusijidanganye. Ni rahisi kwa mwandishi kusifu mkono wa kukataa, kumtaja Koitalel, kumtaja Liti, na kumfanya kila dereva anayewasha taa kuwa shujaa. Mimi siwezi, kwa sababu ya Maweni.

Julai 4, 2016, katika kijiji cha Maweni wilayani Manyoni, mabasi mawili ya kampuni moja, moja likienda na jingine likirudi, yaligongana uso kwa uso. Watu wasiopungua 29 walikufa. Waliokufa hawakuwa watawala waliotundika waya. Walikuwa wafanyabiashara ndogondogo, wanafunzi, mama na watoto wao, watu waliolipa nauli. Mjerumani akikatiwa waya alikosa habari. Sisi tukilipofusha jicho la barabarani, tunakosa ndugu zetu. Hiyo ndiyo tofauti ya wakati ule na sasa, na ni tofauti kubwa.

Na kifaa kilichochukiwa kimeleta faida inayoonekana. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Asingethubutu mtu kuliondoa katazo lile kama mabasi yasingekuwa yanaonekana gizani. Mfanyabiashara wa Singida anayepanda basi jioni na kuamka sokoni Kariakoo anafaidi matunda ya jicho lile lile ambalo dereva wake anatamani kulichomoa.

Lakini haki ina pande mbili. Turudi pale tulipoanzia, kwenye kibao kilichogeuka jiko. Kijana asiye na kazi anang'oa kibao cha hamsini, anakiuza kwa bei isiyotosha mlo wa siku mbili. Dereva mgeni anafika, haoni kibao, anapita na mwendo wa themanini. Kichakani yupo askari na tochi. Dereva anasimamishwa, anabisha kwamba hakuna kibao, anaonyeshwa picha. Mabishano yanakwisha kwa njia mbili: ama kwa risiti ya faini, ama kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Ikiwa ni noti, basi hongo imerudi katika njia ile ile ya Wagogo, safari hii bila maji. Dereva anaondoka na uchungu, anamwashia taa mwenzake. Mwenzake anapunguza mwendo mbele ya askari, anauongeza baada ya askari. Na mtoto wa shule, ambaye kibao kile kiliwekwa kwa ajili yake, bado amesimama ukingoni mwa lami.

Katika mzunguko huo kila mmoja amepata kitu kidogo. Mwenye kibao kamili hayupo hata mmoja.

MAJI YA HONGO

Tufanye nini? Wapo wanaotaka adhabu kali zaidi kwa waharibifu, na adhabu ipo katika sheria, itumike. Anayenunua kibao cha barabara kama chuma chakavu hawezi kusema hakujua. Maandishi yako pale pale. Lakini historia niliyoisimulia inatuonya kwamba adhabu peke yake ilikwisha kujaribiwa na watu wakali kuliko sisi. Waya uliendelea kukatwa.

Ninavyoona mimi, watemi wa Kigogo walilijua jambo ambalo Mjerumani hakulijua: anayetoza njiani hana budi aonekane, na anayelipa hana budi anywe maji. Askari na asimame wazi, kibao kiwe mbele yake na si nyuma ya kichaka. Shabaha ya tochi ni kupunguza mwendo, na dereva akimwona askari kwa mbali akapunguza, kazi imefanyika. Faini ambayo haikupatikana siku hiyo ni mtoto aliyevuka salama. Faini ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Na sehemu ya faini zinazokusanywa Issuna au Kintinku irudi huko, ionekane kwa macho: matuta, kivuko kilichochorwa, kibao kipya chenye jina la kijiji. Wanakijiji waambiwe hesabu mkutanoni. Kijiji kinachojua kwamba kibao kile kilitokana na faini za wapita njia wake kitamkamata mwenye msumeno usiku hata askari akiwa amelala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara zetu zina daftari wizarani, hazina daftari vijijini. Ndiyo maana vyuma vyake hupotea, na habari hatuipati mpaka basi lipinduke.

Tulipokaribia Manyoni siku ile, lori jingine lilituwashia taa. Dereva akapunguza mwendo kama kawaida. Yule mzee wa alizeti akachungulia dirishani, kulia na kushoto, hakuona askari wala tochi. Alikuwepo bibi mmoja tu, anavuka taratibu na kuni kichwani. Mwenye lori alikuwa amemwona, na ndiye aliyetuombea tupunguze kwa ajili yake.

Mzee akanigeukia, akasema: "Unaona? Kumbe taa hizi zinaweza kazi nyingine."